Mstari Uliokosekana Kwenye Kitabu cha Kanzidata

Jumatatu, 2 Septemba

Naanza daftari hili kwa sababu kuna jambo linaendelea nyumbani kwangu, na sitaki baadaye niambiwe sikuona. Nimeona.

Dzidzor, binti yangu kitinda mimba, kamaliza chuo tangu Mei. Kutwa yuko barazani, kompyuta mapajani. Leo nimemuuliza, kwa upole, anafanya nini. Kasema anasahihisha makosa kwenye kitabu. Kitabu kiko wapi? Kimo humo humo ndani. Nani kamtuma? Hakuna. Nani anamlipa? Hakuna, Mama. Hapo nikaweka mwiko chini.

Akanieleza polepole, kama mtu anayemvusha bibi barabara. Kanzidata ni ghala la habari, kila kitu na rafu yake. Ukitaka ghala lifanye kazi ya ziada unaleta moduli, yaani kibarua wa nje mwenye ujuzi wake. Mmoja hutafuta majina yanayofanana. Mwingine huandika ni maswali gani yanayolichosha ghala. Kila kibarua ana ukurasa wake kitabuni unaoeleza namna ya kumwajiri. Ukurasa wa huyu wa pili una kosa. Dzidzor kaliona, kawaandikia wenyewe.

Bure? Mtu hasahihishi kitabu cha mtu bure. Nikambana. Ndipo likatoka: kuna kampuni Akra itachukua vijana wawili Oktoba, mafunzo na mshahara. Sharti ni masahihisho matatu yaliyokubaliwa na wenye kitabu. Anayo mawili. La tatu lazima liingie kabla kitabu hakijafungwa, Jumatatu ijayo, tarehe tisa. Likichelewa, nafasi imekwenda.

Sawa. Nisomee ulivyowaandikia. Inaanza: Ukurasa huu una kosa.

Basi! Salamu hakuna. Habari za nyumbani hakuna. Watu wazima, ukoo wao huujui, unawaambia mchana kweupe wana kosa! Nilimlea hivyo? Ugali wangu wa akple sikuumaliza.

Jumanne, 3 Septemba

Wamejibu. Bwana mmoja aitwaye Ansgar, kutoka nchi ya baridi. Ni mkaguzi, asema Dzidzor. Bila yeye kukubali hakuna kinachoingia. Nikasomewa. Hakusema asante. Kauliza: mashine ya aina gani? Toleo gani? Umeiwekaje?

Nikashtuka. Mtu anayetaka kujua mlango wako ni wa mbao au wa chuma ana shida gani na mlango wako? Nikamwambia Dzidzor asijibu. Akacheka, akasema Mama, ndivyo wanavyofanya kazi, lazima naye alione kosa kwa macho yake. Akajibu kila kitu! Hata toleo!

Halafu kuna Kekeli. Mtoto wa Mama Kekeli, nyumba ya tatu. Naye ana kompyuta, naye anasahihisha, naye anaitaka Akra. Nafasi ni mbili kwa nchi nzima. Na kila siku saa nne yuko kwenye benchi langu, eti kwao mtandao ni mbovu. Leo kala abolo sita, mikate yangu ya mvuke ya kuuza. Sita! Kwa samaki! Na kati ya ya nne na ya tano nikampitia kwa nyuma na sahani, nikaona kwenye kompyuta yake barua ya Dzidzor. Ile ile. Naijua kwa umbo lake, fupi na haina adabu.

Simuulizi. Ukimuuliza mtu anajipanga.

Nimebuni mbinu. Jiko la mvuke nimelihamishia upande wa benchi, moshi umfukuze mwenyewe. Upepo ukageuka. Dzidzor kakohoa mpaka machozi. Kekeli akamletea maji, akampepea kwa kawa la sufuria yangu. Kawa langu!

Jumatano, 4 Septemba

Leo nimefanya kazi ya kompyuta. Mimi! Niliyeishia darasa la sita.

Ansgar hajajibu tena. Dzidzor akaniketisha, akasema anataka kuona ukurasa ule unamfikisha wapi mtu asiyejua chochote. Ukiweza wewe Mama, ataweza yeyote. Sikuuliza kama hiyo ni sifa.

Yeye anasoma, mimi nabonyeza. Hatua ya kwanza, andika jina la moduli kwenye faili la mipangilio. Nikaandika, kidole kimoja kimoja. Ya pili, iambie kanzidata imkaribishe kibarua. Ikakubali. Ya tatu, muulize kibarua alichokwisha kuandika. Nikabonyeza.

Ikakataa. Maneno ya ukali hayo! Nikaondoa mikono haraka, nikasema sikugusa kitu. Dzidzor akaruka juu, akapiga makofi. Sijaona mtu anafurahia kukataliwa namna ile tangu marehemu baba yake alipokosa kuchaguliwa mweka hazina wa kwaya.

Akanieleza. Baada ya hatua ya kwanza lazima kanzidata izimwe na kuwashwa upya, la sivyo haijui kama kibarua kafika. Ukurasa hausemi. Mstari mmoja tu, haupo. Nikaelewa papo hapo. Ni kumfundisha mtu abolo: kanda unga, funga kwenye majani, panga kwenye sufuria, kula. Na moto? Moto hukuutaja! Dzidzor akanitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu ana miaka saba. Akasema ndiyo, Mama. Hasa.

Furaha ikaisha saa tisa, bombani. Nimekutana na Mama Kekeli. Ndoo yake imejaa zamani lakini haondoki. Akaniita Daavi, yaani dada mkubwa, akasema wa kwake siku hizi mambo yanamnyookea, yanaingia tu, yanaingia! Mambo gani? Akasema aa, ya kompyuta, sisi tutayajulia wapi. Akacheka, akajitwika ndoo.

Yanaingia. Ya nani hayo yanayoingia?

Nikarudi nikamuuliza Dzidzor kama Ansgar kajibu. Hajajibu. Siku nzima. Mzee aliyetukanwa hunyamaza kwanza.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimekwenda kwa Togbui Hodo, msemaji wa chifu, na chupa ya kinywaji. Togbui ndivyo tunavyomwita kila mzee, hata chifu mwenyewe. Huwezi kumwendea msemaji mikono mitupu. Nilimwambia Dzidzor nafuata majani ya kufungia.

Nikamweleza. Mtoto kamwambia mkubwa ana kosa, usoni, bila mtu kati. Sasa mkubwa kanyamaza na Jumatatu mlango unafungwa. Togbui akafumba macho. Akauliza chifu wa kitabu hicho ni nani. Ansgar. Ukoo gani? Sijui. Mjomba wake ni nani? Sijui, Togbui. Akasema hii ni kesi ngumu.

Halafu akanifundisha, na naandika kama alivyosema ili nisisahau. Nguo ya chifu ikimporomoka bega mbele za watu, humwambii chifu nguo imeanguka. Unaniambia mimi. Mimi namwambia chifu, Togbui, leo upepo ni mkali. Yeye mwenyewe anashika nguo yake. Hakuna aliyekosea ila upepo.

Nikamwomba awe msemaji wetu. Akamimina tone chini, nyingine akamimina kwingine. Kompyuta hajui, lakini maneno anayo. Akasema kwanza neno la mtoto lirudishwe. Likisharudishwa, hasira inakosa pa kukalia. Akasema, mimi naandika nyuma ya bahasha ya kanisa. Maneno matamu! Kwa maneno yale hata mwenye nyumba angesamehe kodi.

Nimerudi saa nane. Kekeli yupo. Abolo nane. Dzidzor kauliza majani yako wapi. Nilisahau majani.

Ijumaa, 6 Septemba

Imefanyika.

Dzidzor alikwenda mazoezi ya kwaya saa tisa alasiri, kompyuta akaiacha wazi mezani. Pa kujibia napajua. Tangu Jumatano namchungulia mkono. Nikanawa kwanza. Nikakaa. Kiingereza changu ni cha darasa la sita, lakini wakati ule tulifundishwa kweli.

Nimewasalimu wazee wa kanzidata na nyumba zao. Nimesema sisi huku mjini Ho hatujambo, mvua ipo. Nimesema mtoto wetu aliandika neno kosa, ni ujana, neno hilo tunalirudisha lote, hatuna neno tena na ukurasa wao. Nimesema upepo huku ni mkali sana siku hizi, na mwenye masikio atashika nguo yake. Nikaeleza mimi ni nani: mama yake, mpika abolo, ambaye mwenyewe aliufuata ukurasa ule ukamkatalia, lakini halaumu mtu. Hapo Togbui aliishia.

Lakini mimi nina yangu. Nikaongeza kidogo tu, mistari mitatu. Kwamba wawe macho na kijana aitwaye Kekeli, nyumba ya tatu kutoka kwetu, anayekuja kila siku kunakili barua za mwanangu na kula.

Nikabonyeza. Ikaenda kwa sauti ndogo kama mtu anayefunga mlango kwa adabu. Nikafuta meza. Nikaimba.

Dzidzor karudi kauliza mbona nina furaha. Nikasema kwa nini nisiwe na furaha?

Jumamosi, 7 Septemba

Kumbe barua haikwenda kwa Ansgar peke yake. Ukibonyeza pale inakwenda kwa kundi zima. Watu elfu tatu. Na inawekwa wazi milele, haifutiki, wajukuu wa Ansgar wataisoma.

Dzidzor kaiona asubuhi, bado na mswaki mdomoni. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kushika. Akanisomea jibu la Ansgar, mstari mmoja: nimeelewa kwamba taarifa imerudishwa na mwenyewe, naifunga.

Nikasema si ndiyo vizuri, kasamehe! Akasema Mama, umerudisha sahihisho langu. La tatu ndilo hilo, na kwao kurudisha neno ni kuliondoa. Limefungwa. Leo ni Jumamosi. Akaingia chumbani. Nikapeleka uji. Nikapeleka mkate. Nikapeleka uji mwingine. Vyote vimekaa mlangoni, nzi wanavipitia.

Saa tatu kaja Mama Kekeli, kitambaa kakifunga kiunoni, alama mbaya hiyo. Alianzia barabarani ili asikose wasikilizaji. Eti Daavi, mwanangu amekufanya nini hata ukampeleka kwa wazungu? Nikasema nilieleza tu kwamba anakula. Anakula! Watu elfu tatu leo wanajua mwanangu anakula! Wewe wako hali chakula? Anakula hewa? Nikamwambia ashukuru sikutaja idadi. Mwenye duka mbele yetu akakaa chini ili acheke vizuri.

Kekeli mwenyewe akaja nyuma ya mama yake, akamwomba twende nyumbani, Mama, tafadhali. Akageuka kwangu, akainama, akaniamkia. Akasema hajanakili kitu. Jumanne alilijaribu kosa la Dzidzor kwenye kompyuta yake, naye likamtokea vile vile, akawaandikia wakaguzi kuwa shahidi. Ndiyo barua niliyoiona. Na masahihisho yake yeye matatu yaliingia tangu Agosti. Hana haja na la mtu.

Nikaingia jikoni. Nikamuuliza, kupitia dirisha, basi ulikuwa unafuata nini hapa kila siku? Akatazama viatu vyake. Ndani, Dzidzor akaangusha kitu.

Abolo. Nilijua tu ni abolo.

Jumapili, 8 Septemba

Kanisani sikumsikia mchungaji. Nimepiga hesabu ya yaliyobaki: leo, na kesho. Nimemharibia mtoto. Miaka mitatu nimeamka alfajiri kukanda unga ili asome, na kidole kimoja kimebomoa. Nimelia kwenye wimbo usio wa kulia. Jirani wa benchi akanipa leso na kuuliza nani kafa.

Tumerudi, Dzidzor kafungua kompyuta bila tamaa. Kuna barua. Ya bibi mmoja, Marit. Dzidzor akasimama. Marit ndiye aliyeuandika ukurasa wenyewe, miaka kumi na minane iliyopita, sasa kastaafu na ni nadra kusema. Kaisoma barua yangu. Yote. Kasema hajapokea salamu nzuri namna ile tangu aanze kazi hii. Halafu anauliza swali moja: yule mama, alipoufuata ukurasa wangu, alifanya nini hasa, hatua kwa hatua, na ukamwambiaje? Kasema wajuzi huruka hatua bila kujijua. Anataka kusikia kwa mtu asiyejua kuruka.

Nikapata wasiwasi. Mwenye kitabu mwenyewe! Anauliza kwa upole! Nikamwambia Dzidzor huyu anataka nikiri, nikishakiri wanitumie polisi. Nikasema tumjibu kwa mafumbo kwanza, tuone anaegemea wapi. Nikasema ngoja nikamwite Togbui.

Dzidzor akanishika mikono yote miwili. Mikono yake baridi. Akasema Mama, mara moja tu. Sema ulichofanya. Usisalimu, usiombe radhi, usitaje upepo. Akasema, nakuomba.

Mtoto wangu haombi. Hata akiwa mdogo na homa alikuwa haombi maji, anaelekeza macho tu.

Nikasema. Niliandika jina kwenye faili. Nikaiambia imkaribishe, ikakubali. Nikauliza, ikakataa. Moto haukutajwa. Dzidzor aliandika nilivyosema, hata la moto hakuliondoa. Akaambatanisha kiraka chake, ndivyo wanavyoita sahihisho lililo tayari kushonwa: mstari mmoja, zima kisha washa upya. Kekeli akaitwa, akaandika tena ushahidi wake. Alisimama uani, benchi hakuthubutu. Nikamwambia akae, jamani. Nikampa abolo mbili. Alikula moja, akasema ameshiba. Elfu tatu wamemharibia mtoto wa watu hamu.

Jumatatu, 9 Septemba

Saa mbili, hakuna. Saa nne, hakuna. Saa sita Ansgar kaandika kwamba kwake sahihisho liko sawa, lakini anamsubiri Marit. Nikasema wanapanga. Dzidzor akasema nyamaza, Mama. Nikafunga abolo mia moja na ishirini bila chumvi.

Saa tisa na dakika kumi, Dzidzor kapiga yowe. Mama Kekeli katoka mbio nyumba ya tatu, akidhani ni msiba, kitambaa kichwani safari hii.

Limeingia! Na kule chini, wanapoandika majina ya waliohusika, kwa kuwa ndiyo desturi yao hata kwa mstari mmoja, kumeandikwa: aliyegundua na kurekebisha, Dzidzor. Waliojaribu: Kekeli, na mama yake Dzidzor, Ho. Marit kaongeza maelezo kwamba kibarua hasikii kabla moto haujawashwa. Maneno yangu! Milele!

Kekeli akamkumbatia Dzidzor, bila shaka kwa ajili ya kanzidata. Walichelewa kidogo kuachana. Mama Kekeli akanitazama. Sikuelewa ananitazamia nini. Akasema Daavi, wewe macho yako yanaona kila kitu isipokuwa kilicho mbele yako. Nikamwambia mimi hakinipiti kitu. Tukala pamoja. Alisema abolo hazina chumvi. Mbele za watu!

Jumanne, 10 Septemba

Akra wamejibu, siku moja tu. Haraka hiyo ya nini? Wanamwita Dzidzor kwa mahojiano Alhamisi ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi, na Kekeli vile vile. Dzidzor anacheza uani. Kaniambia nimwahidi sitaandika barua kwa mtu yeyote tena, kamwe. Nimeapa mbele ya picha ya baba yake. Sitaandika.

Ila nimeisoma barua yao mara tatu. Wanasema aje na kitambulisho. Wanakitakia nini? Wanasema chakula cha mchana kipo. Chakula gani? Kimepikwa na nani? Na aliyetia sahihi ni mwanamume, Bwana Tetteh, mkuu wa mafunzo. Ana mke? Barua haisemi. Inaficha.

Chini kuna namba ya simu. Nani anaweka namba ya simu kama hataki apigiwe?

Dzidzor kaenda kwa fundi kuchukua gauni. Kupiga simu si kuandika. Nitamsalimu tu, nimuulize habari za nyumbani, na nimdokeze kwamba binti ana kifua chepesi, hapendi kusemeshwa kwa ukali, na kwamba yule kijana watakayempokea pamoja naye ni mzuri lakini wasimkalishe karibu na chakula.

Nimepiga. Inaita.